Jinsi Nilivyoondoa Mgongano wa Chuma Nyuma ya Pikapu Yangu

Ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na kuanzia Aprili hadi Oktoba riziki yangu hutokana na kukata nyasi kwenye nyua za watu, kazi inayonilazimu kuvuta trela lenye mashine kutwa nzima. Msimu uliopita kila nilipokanyaga breki, nilipoondoa gari au nilipopita kwenye kiungio cha daraja, chuma kiligonga chuma nyuma yangu kwa kishindo nilichokisikia hadi kwenye kiti. Kelele yenyewe ningeweza kuivumilia. Nilichokihofia ni kwamba chuma kinachogongana hulika, na matundu ya pini yakishapanuka hayarudi kuwa madogo.

Chini ya bampa ya pikapu kuna bomba la mraba ambalo mafundi wa huku huliita risiva. Ndani yake huingizwa mkono wa chuma unaobeba tufe, mkono huo huzuiwa usichomoke kwa pini inayopita ubavuni, kisha kikombe cha trela hulifunika tufe. Risiva nyingi za pikapu zina upana wa inchi 2, ila yangu ni ya inchi 2½, na kwa kuwa mkono niliokuwa nao ulikuwa wa inchi 2, niliupachika kwa bushi ya mraba ya kujazia nafasi. Ni lazima pawe na upenyo kidogo baina ya vyuma hivi, kwani bila huo mkono usingeingia wala kutoka. Kwangu mimi upenyo huo ulikuwa umejirudia mara mbili, wa kwanza kati ya risiva na bushi, wa pili kati ya bushi na mkono, na sikuwa nimeligundua hilo.

Nilianza na njia ya kienyeji, nikakata tyubu kuukuu ya gurudumu na kuuzungushia mkono kabla ya kuupachika. Kwa siku tatu palikuwa kimya. Siku ya nne kelele ilirudi, na nilipotaka kuutoa mkono ulikataa, kwa sababu mpira ulikuwa umesagika na kujikunja ndani. Hata ungedumu, nisingeurudia tena, maana mpira huhifadhi maji, na barabara za Ohio humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Maji na chumvi vikikaa humo, kutu huifunga risiva kabisa.

Baadaye nilinunua klempu ya boliti yenye umbo la U, ambayo huizunguka risiva na mkono kwa pamoja, na ukikaza nati zake mkono hubanwa dhidi ya ukuta wa risiva. Ni kifaa kizuri na bado ninakitumia, lakini wakati ule kilipunguza kelele kwa nusu tu, kisha nati zikalegea ndani ya wiki moja. Nilidhani nimeuziwa kifaa kibovu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja kutoka Lubumbashi anayetengeneza malori mtaani kwetu. Nilimwomba anichomelee mkono kwenye risiva yaishe. Akakataa katakata. "Mwanangu," aliniambia, "ukichomelea unaharibu chuma kilichothibitishwa kubeba uzito maalumu. Tutafute kwanza ni wapi panapocheza." Tulizima gari, tukaweka vizuizi kwenye magurudumu ya trela, naye akalisukuma na kulivuta trela huku mimi nikimulika kwa tochi kila kiungo kwa zamu, bila kuingiza vidole, na kuweka alama ya chaki pale palipocheza. Tulipata sehemu nne: bushi ndani ya risiva, mkono ndani ya bushi, nati ya tufe, na kikombe cha trela juu ya tufe. Klempu yangu ilikuwa ikibana mkono huku bushi ikiendelea kucheza, na ndiyo iliyokuwa ikizilegeza nati.

Bushi niliiondoa moja kwa moja kwa kununua mkono wa inchi 2½, na gharama hiyo siijutii hata kidogo, kwani upenyo wa safu nzima ulitoweka kwa siku moja. Kabla ya kuupachika nilisugua ndani ya risiva kwa brashi ya waya hadi magamba ya kutu yakaisha, nikapaka grisi nyepesi. Klempu sasa inazuia mkono usicheze juu na chini. Kwa mchezo wa kushoto na kulia nilitafuta pini yenye nyuzi, ambayo hukazwa kwenye kipande cha chuma kinachokaa ndani ya mkono ulio wazi katikati, na hivyo kuuvuta mkono ugandamane na ubavu wa risiva. Sikutoboa tundu lolote jipya.

Nati ya tufe ililegea zaidi ya nilivyotarajia. Maelekezo ya tufe langu, ambalo shina lake ni la inchi 1, yanataka ikazwe kwa futi-pauni 250, nguvu ambayo spana ya mkono ya kawaida haiifikii, kwa hiyo niliazima spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Chini ya kikombe cha trela nako kuna nati ya kurekebishia. Niliikaza kidogo kidogo hadi mtikisiko ukaisha huku kufuli ikiendelea kufungika bila kulazimishwa. Yeyote atakayeigusa nati hiyo ahakikishe kwanza kwamba kipimo kilichogongwa juu ya tufe ni sawa na cha kikombe, kwa kuwa tufe la inchi 1⅞ ndani ya kikombe cha inchi 2 huweza kuchomoka barabarani, na hakuna kukaza kunakoponya kosa hilo.

Jambo la mwisho lilinishangaza. Trela langu likiwa na mzigo lina pauni 2,400, karibu kilo 1,090, lakini ncha yake ya mbele ilikuwa ikilikandamiza tufe kwa pauni 130 tu, ilhali inashauriwa iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ncha nyepesi hurukaruka. Niliisogeza mashine mbele kwa futi moja, nikapata pauni 250.

Baada ya safari ya kwanza ya maili 50 nilikaza nati za klempu tena, zikasogea robo mzunguko. Tangu hapo nimezikagua kila Jumatatu asubuhi na hazijasogea. Kwenye kiungio kile cha daraja ninachosikia sasa ni minyororo ya usalama tu, iliyopishanishwa chini ya kikombe, ikicheza kama inavyopaswa.