Darwin hadi Adelaide, nyuma ya gari la sola

Oktoba 2019 nilijitolea kuwa mwangalizi kwenye mashindano ya magari ya sola Australia, nikapangiwa timu ya wanafunzi wa uhandisi waliolibuni na kuliunda gari lao wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye gari linalolifuata kwa nyuma, daftari mkononi, kuhakikisha kanuni hazivunjwi. Safari ni kilomita 3,000 hivi, toka Darwin kaskazini hadi Adelaide kusini, karibu yote ndani ya Stuart Highway, barabara kuu inayokatiza katikati ya nchi.

Mwaka ule paneli zao hazikuruhusiwa kuzidi mita 4 za mraba. Maana yake, jua la utosi likiwaka, umeme unaopatikana ni wa kutosha pasi moja ya nguo. Kwa umeme huo kile kidude kinakwenda 70, 80 kwa saa! Matairi membamba, bodi ya nyuzi za kaboni, umbo la kuteleza hewani. Dereva yumo ndani nusu kalala, hana kiyoyozi, ana maji tu na mrija.

Mwenye gari hasa, kwa maoni yangu, alikuwa binti aliyekaa pembeni yangu na kompyuta mapajani, akipiga hesabu za jua, vilima na betri.

"Shuka 65," anasema kwenye redio.

"Chaji ipo!" dereva anabisha.

"Hiyo ni ya kesho."

Nilidhani hofu yao kubwa itakuwa mawingu. Kumbe upepo. Lori la matela matatu, urefu mita hamsini na kitu, likipishana nasi, kigari kinasukumwa pembeni, halafu kinavutwa, na dereva anashikilia usukani kwa nguvu zote. Tukiwa bado maeneo ya Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, tukasikia timu ya Twente ya Uholanzi, iliyokuwa ikiongoza, imepeperushwa nje ya barabara. Dereva wao alipona. Binti akapunguza spidi tena, na safari hii hakuna aliyebisha.

Saa kumi na moja jioni unasimama popote ulipo, hata porini. Hema baadaye, kwanza paneli zinaelekezwa kwenye jua linalozama, wanne wamezishikilia, nzi wametujaa usoni.

Kesho yake timu ya Delft, Waholanzi nao, wakiongoza wakiwa karibu kumaliza, gari lao likashika moto. Wabelgiji wa Agoria wakachukua ubingwa kwa wastani wa zaidi ya kilomita 86 kwa saa. Wenyeji wangu hawakusema mengi. Walifungua sanduku la betri wakapima joto, seli baada ya seli, kwa tochi.

Adelaide tulifika. Wenzake yule binti wakajirusha kwenye bwawa la chemchemi pale Victoria Square, kama ilivyo desturi. Yeye kwanza akaangalia betri. Chaji ilikuwa imebaki, tena si haba.

"Tungeweza kwenda kasi zaidi," akasema, kanuna kwelikweli, ndipo wakaja kumbeba mzobemzobe na kumtumbukiza majini.