Rejesta Niliyoipakata Kutoka Nansio

"Mwalimu, hayo mayai?" muuza dagaa mmoja aliniuliza melini. "Tangu Nansio umeyapakata tu."

Hayakuwa mayai. Ilikuwa rejesta ya uandikishaji ya shule yetu, nimeifunga kwa kanga kuukuu, juu nikazungushia nailoni. Barua ya mafunzo ya kukarabati nyaraka ilitaka kila mtu aje na kitu kilichoharibika. Mimi aliyekiharibu changu nilimjua vizuri.

Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza ni kama saa tatu. Jiwe la Bismarck lilipoonekana abiria walishaanza kugombania mlango; nikasubiri wateremke, nikapanda bodaboda.

Tulikuwa mchanganyiko: watu wa maktaba, wa masijala, na katibu wa parokia. Nilidhani tutakaa kutazama picha ukutani tukisubiri posho. Tukakuta mabeseni, brashi, feni na sufuria jikoni. Baadhi yetu tulikuja na glavu za pamba, tukaambiwa tuzivue. Mikono inawe, ikauke, basi. Glavu hukufanya usihisi karatasi, na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika.

Nikafungua rejesta. Miaka ya nyuma paa lilivuja, kurasa zikachanika, nami nikazibandika selotepu kwa moyo mmoja. Sasa ilikuwa ya kahawia kama chai, gundi imezama ndani ya karatasi, majina yamefifia chini yake.

"Nani kafanya hivi?" mwezeshaji akauliza.

"Mimi, mama."

"Afadhali wewe. Wengi humsingizia aliyestaafu."

Akanipa kijiko bapa cha umeme chenye joto la wastani. Unapasha kipande kidogo, unasubiri gundi ilegee, unainua ukienda sambamba na karatasi. Ukivuta kwenda juu, wino unaondoka nao. Ukurasa mmoja ulinichukua kuanzia chai ya saa nne hadi wenzangu waliporudi kula sangara.

Kisha kiraka. Karatasi nyembamba ya Kijapani haikatwi kwa mkasi. Unachora mstari kwa brashi yenye maji, unaichana hapo, nyuzi zinabaki zimechomoza kama ndevu, na hizo ndizo zinazoshika. Gundi yake ni wanga wa ngano uliopikwa kama uji, ukapoa, ukachujwa. Ukikosea, unailowesha na inatoka. Selotepu haina huruma hiyo.

Kesho yake tulilowesha magazeti ya zamani makusudi, tukayaokoa. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, kwa hiyo kwanza feni na hewa, karatasi za kufyonza katikati ya kurasa. Jua hapana: hukunja karatasi na kupausha wino. Nikakumbuka nilivyowahi kuanika majalada kama dagaa.

Wanga safi sikuupata sokoni. Mwezeshaji alishatuonyesha njia: kanda unga wa ngano ndani ya maji, donge linalonata libaki mkononi, wanga utuame chini. Nikanunua kilo mbili.

Melini, jirani yangu akautazama mfuko. "Leo chapati?"

"Hapana," nikasema. "Kurasa thelathini na moja."

Akasogea kidogo.