Mistari Mitano Kabla Maji Hayajachemka

Mwanamke wa Kisumu hahitaji kufundishwa kuandika kila siku. Mama mwenye kibanda pale Kondele ana daftari la madeni, na ukimwuliza nani alichukua nyanya za mkopo Alhamisi iliyopita, atalifungua papo hapo na kukuonyesha. Mweka hazina wa chama naye hawezi kulala kabla hesabu haijaingia kitabuni. Wanawake hao hao ukiwaambia waanze daftari la imani, la kuandika kila siku aya ya Biblia na maombi yao, wanasema hawana muda, au hawajui kuandika vizuri, au walijaribu Januari likawashinda kufikia Februari.

Nadhani wanalijaribu kwa mfano usiofaa. Wameona picha mtandaoni: meza nyeupe, kalamu za rangi kumi na mbili, maua yamechorwa pembeni mwa Zaburi. Hakuna ubaya, kama unapenda kuchora chora. Ila daftari la kibanda ndilo mwalimu bora. Linadumu kwa sababu maandishi yake ni mafupi, kila mstari una tarehe, na mwenyewe hulirudia kila siku kuona nani amelipa. Daftari lisilorudiwa hufa, hata liwe na jalada la ngozi.

Basi tuanze na daftari lenyewe. Chukua la shule, la kurasa 96, ukubwa wa A5 ili liingie mkobani. Ukiandika nusu ukurasa kwa siku, litakutosha siku 192, yaani miezi sita na siku kadhaa, na kulimaliza kutakupa nguvu ya kununua la pili. Kaunta buku ya jalada gumu ni nzuri, lakini ingoje daftari la pili. Epuka shajara zilizochapwa tarehe kila ukurasa. Ukikosa siku tatu kwa sababu ya matanga ushago, zile kurasa tupu zitakukodolea macho, na wengi huliacha daftari hapo hapo. Kwenye daftari tupu unaandika tarehe mwenyewe, na siku ulizokosa hazina ukurasa wa kukushtaki.

Kalamu iwe biro ya kawaida. Wino wake ni mzito, wa mafuta, kwa hiyo haupenyi upande wa pili wala hausambai ovyo karatasi ikipata unyevu. Kalamu ya jeli huandika vizuri sana, lakini ukipigia nayo mstari kwenye Biblia, karatasi ile nyembamba itaonyesha wino nyuma, nawe utakuwa umechafua sura ambayo hata hujaisoma. Kwenye Biblia tumia penseli. Kalamu nyekundu nunua moja tu. Kazi yake nitaieleza mbele. Valisha daftari karatasi ya kaki kama tunavyovalisha ya watoto. Usiliweke chini ya godoro, hasa kwa walio Kakamega na Vihiga ambako mvua hainyamazi, kwani huko hushika ukungu. Mkebe wa biskuti wenye kifuniko unatosha.

Sasa muda. Huku tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halibadiliki sana. Anayeamka saa kumi na moja ana saa nzima ya giza na utulivu, na pia ana hatari ya stima kupotea, basi taa ya sola iwe mezani tangu jioni. Lakini usichague saa kwa kuiga mtu. Chagua kazi unayoifanya kila siku bila kukosa, kisha ulifunge daftari kwenye kazi hiyo. Kwa wengi ni maji ya kuoga. Sufuria kubwa kwenye jiko la makaa huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini kuchemka, na huo ndio muda wenyewe. Usilifunge kwenye chai. Chai yetu ni ya maziwa, nayo hutaka macho: ukiinama kuandika ombi la pili, inafurika, inazima jiko, na asubuhi yako inaanza kwa kusugua. Uji nao unataka kukorogwa. Maji matupu hayana neno.

Simu iache chumba kingine. Biblia ya kwenye simu ni nzuri ndani ya matatu, ila asubuhi utaifungua usome Wafilipi, na kabla hujafika aya ya pili kundi la chama limeshaleta ujumbe kumi na nne kuhusu mchango.

Ukurasa wa siku una mistari mitano. Ukizidi, sawa, ukipungua, sawa pia. Mstari wa kwanza ni tarehe na mahali unaposoma. Wa pili ni aya moja, au kipande cha aya, iliyonakiliwa kwa mkono neno kwa neno. Mkono huenda polepole kuliko macho, na hapo ndipo neno ulilolipita miaka yote husimama. Wa tatu ni hilo neno, na kwa nini limekugusa leo. Wa nne ni ombi moja. Wa tano ni shukrani moja, ya kitu ulichokiona kwa macho tangu jana.

Tuone ukurasa mmoja kwa karibu:

Jumanne, 4/3. Flp 4:6.
“Msijisumbue kwa neno lo lote.”
Msijisumbue. Tangu Jumapili nimehesabu karo ya A. mara tano na jumla ni ile ile.
Bwana, nipe ujasiri wa kwenda kuongea na mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa, nimwombe nilipe kwa awamu.
Asante kwa jirani aliyenianulia nguo mvua ilipoanza.

Tazama ombi hilo. Halikusema “Bwana, shughulikia karo.” Lina mtu, lina siku ya mwisho, na lina hatua ambayo mwombaji mwenyewe ataichukua. Ikifika Jumamosi, atajua kama alikwenda au hakwenda. “Mungu bariki familia yangu” ni maombi mema ya mdomo, lakini kwenye daftari hayana jibu unaloweza kuliwekea tarehe. Shukrani vivyo hivyo. “Asante kwa uhai” utaiandika siku tatu, ya nne utaichoka. Nguo zilizoanuliwa hazichoshi, maana kesho kutakuwa na jambo jingine.

Andika kwa lugha unayolilia. Kama machozi yako yanatoka kwa Kijaluo, andika erokamano. Kama ni Kiluhya, andika orio. Yote mawili ni asante. Nakili aya kutoka Biblia ya Kiswahili, kisha uongee na Mungu kwa lugha ya mama yako, au uchanganye. Hakuna anayesahihisha. Wanawake wengi wasomi wanakwama hapa kwa sababu wanaandika kama wanaoomba mbele ya kanisa, kwa Kiswahili cha mimbari, na daftari linakuwa hotuba.

Usianze na Mwanzo. Najua inavutia, na hadithi za Ibrahimu na Yusufu zinakwenda vizuri, lakini ukifika sheria za sadaka katika Walawi utatafuta sababu ya kulala. Anza na Wafilipi. Ni sura nne, aya 104. Ukisoma aya tatu au nne kwa siku, utamaliza kwa takriban mwezi. Kisha Ruthu, sura nne pia, mkwe na mama mkwe wanaotafuta riziki baada ya misiba, jambo ambalo hatuhitaji kufafanuliwa. Halafu Marko, sura 16, kipande kidogo kidogo. Mkatoliki anaweza kufuata Injili ya siku kama inavyosomwa kwenye Misa, na Msabato ana somo lake la robo mwaka. Hao hawana haja ya mpango mwingine, waandike juu ya kile wanachokisoma tayari.

Kuna siku hutakuwa na shukrani, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi huanza kulidanganya daftari. Tumezoeshwa kutoa ushuhuda. Mtu anasimama Jumapili, anasalimia kwa jina la Yesu, anasema Mungu ni mwema, watu wanaitikia. Anayepitia mwaka wa pili wa kutafuta mtoto, au ambaye mume amepoteza kazi, anajifunza kunyamaza. Basi fungua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya sita tu. Katika aya mbili za kwanza, Daudi anamwuliza Mungu “hata lini” mara nne. Mara nne, bila kuomba radhi. Aya ya 3 na ya 4 anaomba, na anaeleza kitakachotokea asipojibiwa. Ndipo katika mbili za mwisho anasema ametumaini fadhili za Mungu.

Ukurasa wa siku mbaya ufuate njia hiyo hiyo. Andika “hata lini” zako, nne au saba, kila moja kwenye mstari wake. Halafu ombi lako bila kulipamba. Halafu jambo moja unaloliamini bado, hata kama ni kwa nusu. Kama hata hilo halipo, acha wazi. Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila neno la tumaini mwishoni, na bado imo katika Biblia. Usijilazimishe kumalizia kwa “lakini namshukuru” kwa sababu tu umezoea. Mwezi ujao ukirudi kusoma, utataka kukuta ukweli.

Kurasa za nyuma ni za madeni, kwa maana ya utani tu. Mungu si mteja wetu. Geuza daftari, anza kutoka mwisho, uchore safu tatu: tarehe ya kuomba, ombi, tarehe ya jibu na jinsi lilivyokuja. Maombi yanayongoja jibu yasizidi saba, moja kwa kila siku ya juma: Jumatatu watoto, Jumanne ndugu za nyumbani, na kadhalika, upendavyo. Wanaoandika maombi arobaini huishia kutoomba hata moja. Jibu likija, weka tarehe kwa ile kalamu nyekundu. Na usiweke tarehe kwa “ndiyo” peke yake. “Hapana” ni jibu, liandike. Mgonjwa uliyemwombea akifariki, usilifute ombi wala usilipite kimya; andika tarehe, andika jina lake, na siku ukiweza, andika ulichobaki nacho.

Mahubiri ya Jumapili usiyachanganye na kurasa za asubuhi. Daftari likijaa vichwa vitatu vya mhubiri na nukta zake, sauti yako itapotea humo. Tenga kijidaftari kingine, au chukua mambo matatu tu: andiko, sentensi moja iliyokuchoma, na kitu kimoja utakachokifanya kabla ya Jumatano.

Usiri ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Nyumba zetu zina watu wengi, na daftari lisilofungiwa litasomwa. Majina yaandike kwa herufi za kwanza. Siri ulizosikia kwenye fellowshipu au Mothers' Union, kikundi cha kina mama wa Anglikana, hazikuwa zako, basi ziombee kwa kifupi: “Kwa ajili ya M., kama alivyosema.” Na kwa dada ambaye nyumbani kwake hakuna amani, ambaye akipatikana ameandika atapigwa: usiandike mambo hayo daftarini. Yaandike kwenye karatasi ya pembeni, uombe, uichome jikoni, au usiandike kabisa. Kisha mweleze mtu unayemwamini, na namba 1195 hupigwa bure kutoka popote Kenya kwa anayedhulumiwa. Kuvumilia kimya si tunda la Roho.

Utakosa siku, na kosa kubwa baada ya hapo ni kurudi nyuma kuzijaza. Dada anakaa Jumamosi akijaribu kukumbuka alichokisoma Jumatano, anaandika mambo ya kubuni, anachoka. Ruka. Andika tarehe ya leo, aya, na sentensi moja. Mwenye mtoto mchanga aweke kipande cha karatasi na penseli kando ya kitanda, aandike neno moja wakati wa kunyonyesha. Kipande kitabandikwa daftarini siku usingizi ukirudi.

Mara moja kwa mwezi, tenga nusu saa ya kusoma uliyoyaandika. Jumapili jioni ya mwisho wa mwezi inafaa, au Ijumaa jioni kwa Msabato. Shika kalamu nyekundu na usome kurasa zote bila kusahihisha kitu. Piga duara kwenye neno linalojirudia. Mara nyingi utakuta hofu uliyodhani ni ya wiki moja imekuwapo kila Jumatatu, au mtu unayemlalamikia hujawahi kumwombea hata mara moja. Angalia maombi ya nyuma, weka tarehe ulizosahau. Kuna majibu huja kimya kimya, mtu ameshaingia chuo na wewe bado unaomba karo ya fomu foo.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho. Maombi ambayo hayajajibiwa yanakili kwa mkono kwenye daftari jipya, pamoja na tarehe zake za zamani. Mengine utakuta huna haja ya kuyabeba tena. Yawekee mstari mwekundu na uyaache kwenye la zamani.