Nilivyofuatilia somo la kompyuta la binti yangu wa P.3 hapa Busia

Wazazi wenzangu wenye watoto praimari, ngoja niwasimulie hii ya kompyuta, maana naona tunabishana kila mkutano na lenyewe lenye maana linatupita. Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, nauza mitumba, na binti yangu yuko P.3, yaani darasa la tatu la praimari, kwenye shule moja ya praiveti. Kila muhula juu ya karo wanaongeza elfu ishirini ya kompyuta, kwenye risiti wanaandika "matengenezo".

Wasiwasi wa wazazi ni ule ule mnaoujua. Huyu anasema macho ya watoto yataisha, yule anasema intaneti itawaonyesha uchafu, na kuna mzee mmoja kila mkutano lazima asimame aseme PLE, ule mtihani wa kumaliza praimari, ni masomo manne tu, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST (maarifa ya jamii), kompyuta haimo, sasa tunalipia nini? Hoja yake si mbaya ati. Lakini mimi nikikumbuka wakati wa korona, shule zimefungwa, mara zote mara nusu, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, watoto wa wenye laptop wakaendelea kusoma na mkubwa wangu kakaa tu nyumbani, siwezi kusema kompyuta itolewe.

Kilichonishtua ni kingine kabisa. Jirani alikuja na laptop yake kwangu, nikamwambia binti haya tuonyeshe mnachosoma shuleni. Akanyoosha kidole akagusa skrini kama simu, kimya. Nikampa maus, akaishika kwa mikono miwili akainyanyua juu anaizungusha hewani anangoja kishale kitembee. We shuleni unafanyaje? "Mama, mi naangaliaga tu. Maus wanashikaga wavulana wa mbele."

Nikaenda kwa hedmistress. Nikamwambia madam, sikuja kugombana, naomba tu nikae nyuma ya darasa siku ya kompyuta, sitafungua mdomo. Akanitazama kidogo kisha akakubali.

Yaani ungeona. Watoto hamsini na sita, kompyuta kumi lakini zinazowaka saba, kwa hiyo watoto wanane kila mashine. Kipindi nusu saa, na zile mashine ni za zamani, mpaka ziamke na watoto watulie dakika kumi zimeenda. Piga hesabu mwenyewe, dakika ishirini kwa watoto wanane, hata wakigawana sawa ni dakika mbili na nusu kila mtoto, kwa wiki! Macho yataharibika na nini hapo? Na hawagawani sawa, mwenye kiwiko kigumu ndiye anayekaa na maus mpaka kengele, wengine wanarundikana nyuma, wasichana wangu wale wadogo wadogo hata skrini hawaioni. Mwalimu ni kijana mzuri tu, lakini yuko peke yake anakimbia kutoka mashine hii kwenda ile.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa PTA, ule wa wazazi na walimu, sikuongea ya macho, niliwapa ile hesabu. Hata yule mzee wa PLE alinyamaza. Tukakubaliana darasa ligawanywe, nusu waende kompyuta, nusu wabaki na mwalimu wa darasa wanasoma hadithi, wiki inayofuata wanabadilishana. Mtoto anaenda wiki moja anaruka moja ndio, lakini akienda anagusa. Halafu mwalimu akaweka alamu kwenye simu yake, kila ikilia aliyeshika maus anampisha wa pembeni, hata kama yuko katikati ya gemu, hakuna kubembelezana. Siku za mwanzo kulikuwa na kilio, wakazoea.

Baba mmoja fundi alikuja na wazo la kuchomeka maus mbili kwenye kompyuta moja, na kweli zinakubali zote, ila kishale ni kimoja, watoto wakawa wanakivuta kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Tukaitoa. Zile maus tulizochanga zikabaki za akiba.

Ya intaneti tulimaliza haraka kuliko nilivyodhani. Fundi huyo huyo aliingia kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, akabadilisha DNS, yaani ile huduma inayoitafutia kompyuta tovuti, akaweka 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, ile waliyotengenezea familia, ni ya bure na inazuia tovuti za ngono. Lakini alituambia wazi kwamba YouTube inapita kama kawaida, kwa hiyo P.1 mpaka P.4 waya wa intaneti unachomolewa kabisa, kwani wanautakia nini? Wanatumia GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia, na Tux Paint ya kuchora, zote za bure na hazihitaji data. GCompris ina zoezi moja mtoto anasogeza tu maus, vibao vinafutika, picha ya mnyama inatokea chini. Binti yangu alikuja nyumbani anaongea hiyo tu jioni nzima.

Jambo dogo lakini mliangalie na kwenu: shule ilitaka kuwafungulia watoto akaunti kwa majina kamili, tarehe ya kuzaliwa na picha. Sheria ya kulinda data ya 2019 hapa Uganda inasema kwa kawaida data ya mtoto, yaani taarifa zake binafsi, haichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Tukaomba fomu tusaini, madam akaona ni kazi nyingi, sasa watoto wanatumia namba tu, P3-14 na kuendelea.

Stima ndio bado inatusumbua. Ikipotea kipindi kinageuka kuwa nyimbo, na kwetu mchana inapotea sana kuliko asubuhi, kwa hiyo tumeomba ratiba isogezwe kabla ya uji. Wamesema wataangalia.

Na ile elfu ishirini iko pale pale. Maus tumenunua sisi, ruta katengeneza mzazi bure, programu ni za bure, mashine tatu bado zimekufa, na risiti ya muhula huu imeandikwa tena "matengenezo". Mkutano ujao nimeshamwambia yule mzee akae karibu nami.