Jinsi ninavyochagua pa kulaza gari Usambara

Naondokea Tanga mjini. Gari ni Hiace ya paa refu iliyotolewa viti, ikawekwa kitanda, tangi la maji, betri ya pili na friji ya volti 12. Kwa gari la namna hii kambi nzuri si ile yenye mandhari, ni ile utakayotoka asubuhi bila kuita trekta. Mandhari nayaweka mwisho kabisa.

Kabla ya kambi nachagua mlima. Usambara Magharibi unapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona za kupiga honi, na gari la kawaida linafika mwezi wowote. Usambara Mashariki unapitia Muheza kwenda Amani. Huko lami haikufikishi, na udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Machi hadi Mei, kwa gari lisilo na 4WD, Amani siendi. Vuli, Oktoba hadi Desemba, naulizia kwanza mvua ya siku tatu zilizopita. Januari, Februari, na Juni hadi Septemba nachagua nitakako.

Nikipiga simu kambini siulizi "gari litaingia?" Jibu ni "litaingia" siku zote, kwa ukarimu tu. Nauliza: gari kubwa la mwisho kuingia hapo ndani lilikuwa la aina gani, na lilikuwa mwezi gani? Wakisema Fuso ya mbogamboga mwezi wa nne, nimeridhika. Wakisema Noah mwezi wa nane, naendelea kuuliza. Vipimo ninavyotaka ni viwili: geti lenye upana wa mita 2.7, maana vioo vya pembeni vinakula nafasi, na tawi la chini kabisa lisipungue mita 3, kwa kuwa gari likiwa na keria na paneli ya sola linafika 2.6. Umeme wa kuchomeka gari ni nadra. Ukiambiwa upo, mara nyingi ni soketi ya ukutani jikoni kwao. Nabeba waya wa mita 25 wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, na naufungua wote hata kama nahitaji mita tano, kwa sababu waya uliobaki umeviringwa huku umebeba mzigo mkubwa huchemka hadi plastiki ikalainika.

Nafika kabla ya saa kumi jioni. Milimani jua huwahi kujificha nyuma ya kilele, na ardhi haikaguliwi kwa tochi.

Ardhi ndiyo kazi yenyewe. Kwanza natembea kwa miguu njia yote ya kutokea, siyo ya kuingilia. Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye nyasi zenye umande huzunguka bure gari likiwa linapanda. Kwa hiyo nataka njia ya kutokea iwe tambarare au iteremke kidogo, na gari linalala pua ikielekea getini. Pili, nachimba udongo kwa kisigino, naulowesha kiganjani na kuuviringisha uwe uzi mwembamba kama penseli. Ukikatika ovyo una mchanga, maji yatapita. Ukikubali kuwa uzi mrefu bila kuvunjika, huo ni mfinyanzi: leo mkavu kama sakafu, kesho baada ya mvua ya saa moja gari halitoki. Pale natafuta sehemu yenye kokoto au naomba kulala karibu na barabara. Tatu, namuuliza mtu wa pale anayelima: "Shikamoo mzee, mvua ikinyesha usiku maji yanapita wapi?" Msambaa anayelima matuta kwenye mteremko anaujua mkondo wa maji kuliko ramani yoyote, na akikuonyesha kwa kidole kwamba yanapita hapo ulipoegesha, hama.

Mwinamo naupima kwa pima maji ya fundi, sakafuni. Kwa Hiace, yenye mita 2.57 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, nyuzi 1 ya mwinamo ni karibu sentimita 4.5 za kuinua. Nabeba vipande vinne vya mbao za inchi 2 kwa 6. Kipande kimoja kina unene wa kama sentimita 5, basi kimoja kinasawazisha nyuzi moja na viwili kwa kupandana vinasawazisha mbili. Zaidi ya hapo sihangaiki, nabadilisha mahali. Sijeki gari ili lilale kwenye jeki. Wapo wanaofanya hivyo.

Kisha naangalia juu. Mikaratusi ina tabia ya kudondosha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo chini yake silali, hata kivuli kiwe kitamu namna gani. Mti mkavu nakaa mbali nao kwa urefu wake na nusu yake. Kuupima: shika fimbo yenye urefu sawa na mkono wako, isimamishe wima mbele ya jicho, mkono umenyooka, rudi nyuma hadi fimbo iufunike mti wote toka shina hadi kilele. Umbali kutoka hapo hadi shinani ndio urefu wa mti.

Msitu mzito una gharama nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Paneli yangu ya wati 200 kwenye jua safi inaleta kama wati-saa 800 kwa siku. Kwenye ukungu wa Julai naweza kupata robo yake, na chini ya majani karibu sifuri. Friji na taa vinakula kama 400. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, naitumia nusu tu isife mapema, yaani wati-saa 600. Hesabu inasema: uwazini penye ukungu nakaa siku tatu, chini ya miti siku moja na nusu. Naegesha ukingoni mwa msitu, upande unaopata jua la asubuhi.

Bondeni kabisa nako sikai. Hewa baridi hutiririka na kutuama huko kama maji. Begani mwa mlima ni afadhali, ila ukingoni kabisa, kama pale kwenye genge la Irente karibu na Lushoto, upepo wa usiku unatikisa gari zima. Mtu wa pwani ajiandae: Tanga Julai usiku ni nyuzi 20 na kidogo, Lushoto inashuka kwenye 10. Jiko la mkaa halilali ndani ya gari, hata likibaki majivu yenye moto mdogo. Gesi yake haina harufu na inaua. Blanketi mbili, na madirisha mawili ya pande tofauti yaachwe wazi sentimita 2, la sivyo asubuhi dari inadondosha maji.

Kwenye hifadhi za misitu za Amani na Magamba kibali kinahitajika, na kuni za msituni haziokotwi. Maji ya kuoshea vyombo yamwagwe mbali na kijito. Dawa ya choo cha kubebeka isimwagwe kwenye choo cha shimo, inaua vijidudu vinavyoozesha. Kima wataiba mkate ukiacha mlango wazi. Siafu ni jambo zito zaidi. Ukiona njia yao, usiegeshe juu yake.

Maji napanda na dumu moja la lita 20, tangi najazia juu. Lita 100 ni kilo 100 za bure kwenye kona zile. Kushuka nasubiri ukungu uinuke, kisha gia namba mbili tangu mwanzo, breki kwa kugusa na kuachia. Zikianza kunuka, nasimama dakika 30, kabari chini ya magurudumu, handibreki siivuti na maji simwagii, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda. Nikisimama Soni, mji mdogo ulio kati ya Lushoto na Mombo, nusu saa hiyo inatosha kununua kabichi.