Nilivyolinganisha mtindo wangu na wa Shaaban Robert na Kezilahabi

Kuna walioniambia naandika kama Shaaban Robert. Wengine wakasema hapana, huyu ni Kezilahabi mtupu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniwekea kidole kwenye sentensi akasema: hii hapa. Nilipouliza nitajuaje, nikapewa ushauri unaoniudhi mpaka leo: eti orodhesha misamiati mizito unayoitumia, kisha tazama ni nani mwingine anaitumia. Misamiati hufuata mada jamani. Ukiandika habari za wavuvi utakuwa na nyavu, ngalawa na tanga, na utafanana na kila aliyewahi kuandika habari za bahari.

Ushauri wa pili ulikuwa wa programu: unabandika maandishi, inakutajia mwandishi unayefanana naye. Nikabandika sura ya hadithi yangu, ikaniletea Mwingereza wa karne ya 19. Nikaikata sura ileile katikati na kubandika kila nusu peke yake. Kila nusu ikapata mwandishi wake, na yule Mwingereza hakuonekana tena! Programu ya namna hiyo imelishwa vitabu vya Kiingereza, na vijineno vya Kiingereza kama “the”, “of” na “by” husimama peke yake, kwa hiyo ni rahisi kuvihesabu. Wanatakwimu Mosteller na Wallace walifanya hivyo katika kitabu chao cha 1964 kuhusu makala 12 za Federalist, zile za kutetea katiba ya Marekani, zilizogombaniwa kati ya Hamilton na Madison. Waliyaacha maneno makubwa ya siasa, wakahesabu vile vijineno ambavyo mtu huviandika bila kufikiri, na hesabu ikamwangukia Madison. Vijineno vyetu vya Kiswahili vingi vimo ndani ya kitenzi. “Aliponiona” ni neno moja, lakini mna mtenda, wakati, “po” na mtendwa.

Njia niliipata kwenye habari za J.K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, aliyetoa riwaya nyingine kwa jina la kubuni, Robert Galbraith. Mwaka 2013, kabla hajakiri kwamba Galbraith ni yeye, mtaalamu wa kompyuta Patrick Juola aliipima riwaya ile kwa vipimo kadhaa, na kimojawapo kilikuwa mfuatano wa herufi nne nne. Niliposoma hapo nikaona hiki ndicho kipimo kinachotufaa, maana herufi chache zinazofuatana ndiyo “li”, “po” na “ka” zetu.

Nikachapa mwenyewe kurasa za *Kusadikika* ya Shaaban Robert na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, nikaziweka kando ya kurasa zangu zenye urefu uleule. Mazungumzo niliyaondoa kote. Wahusika wanaongea kama wahusika, na ukiyaacha utapima mdomo wa mhusika badala ya mkono wa mwandishi.

Kutafuta ndiko kulikokuwa na utamu. Nilitaka “ka” ya masimulizi, ile ya “akaenda”. Ukiandika “aka” kwenye sehemu ya kutafutia unaletewa haraka, mwaka, mipaka, takataka. Nikaweka nafasi mbele ya “aka”, vyote hivyo vikatoweka, ikabaki “akaunti” ambayo unaifuta kwa jicho. Nikaona nimeshinda, mpaka nilipofika kwenye wingi: “waka” yenye nafasi mbele inakuletea wakati, wakazi, wakala na wakaguzi. Hapo nikapata ujanja ninaojivunia kuliko kazi yote. Nikayabadilisha kwanza maneno hayo yote kuwa alama ya nyota kwa amri moja, katika nakala ya pembeni, kisha ndipo nikatafuta. Kila kilichobaki kilikuwa kitenzi. Kwa “hu” ya mazoea usijaribu bila nyota, utazama kwenye huyu, huko, huku na huzuni. “Ki” ya masharti niliihesabu kwa kalamu, kwa sababu “ki” imejaa kila mahali katika lugha hii.

Matokeo yakawanyamazisha wote. Mimi hufululiza “ka”: “Akasimama, akafunga dirisha, akarudi kitini, akaanza upya.” Pumzi moja, vitenzi vinne. Kezilahabi wa *Rosa Mistika* (1971) ana sentensi fupi, na kituo kinakuja mapema, kwa hiyo mimi si yeye. Na anayekuambia unaandika kama Kezilahabi muulize yupi, maana aliyeandika *Nagona* na *Mzingile* ni kama mtu mwingine kabisa.

Upande wa Shaaban Robert walikuwa na haki nusu. Yeye hupenda kupanga mambo kwa jozi, jambo na kinyume chake, yakilingana uzito kama mishororo ya shairi. Kwangu jozi hizo zimo, ila karibu zote ziko mwishoni mwa aya. Katikati ya aya hazipo. Huo ndio ufanano, na sasa naweza kuuonyesha kwa kidole.

Kilichonifurahisha zaidi ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja: “amba”. Nilikuwa nayo kuliko wote wawili. “Barua ambayo alikuwa ameiandika”, wakati “barua aliyoiandika” ingetosha. Hiyo sikuirithi kwa mwanariwaya yeyote, ni ya taarifa za habari na ripoti ninazoandika kazini. Ndiyo maana nasema ukijilinganisha, weka na maandishi yako ya kazini kwenye meza hiyohiyo, utaona mkono wako unapata wapi mazoea. Na usipime ukurasa mmoja, kwani kwenye ukurasa mmoja “hu” mbili zikizidi tu picha yote inageuka.

Sura ile nimeshaipitia upya. “Ka” zangu nimeziacha zilivyo, jozi nimeziacha mwishoni mwa aya, na “amba” zimebaki pale tu ambapo kitenzi hakiwezi kubeba kirejeshi (“ye”, “yo” na wenzake), kama kwenye “ambaye hajafika”. Nikiisoma kwa sauti sasa inakwenda kwa kasi niliyoitaka tangu mwanzo.