Peptidi hushikwa nchani

Jioni ya leo nimezirudia picha za TAP, ile protini inayovusha peptidi (vipande vifupi vya protini) kutoka kwenye saitoplazimu hadi ndani ya retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa utando ulio ndani ya seli, na bado nastaajabia namna inavyoushika mzigo wake. Seli hukatakata protini zake, zikiwemo za virusi vilivyoivamia, na vipande hivyo vikishavushwa hupakiwa kwenye molekuli za MHC za daraja la kwanza, kisha hupelekwa juu ya seli ili seli T, ambazo ni seli za kinga, zivikague. TAP ikizibwa, seli iliyoambukizwa hubaki na kidogo mno cha kuonyesha.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba TAP haijui kesho kitaingia kirusi gani, kwa hiyo haina budi kupokea peptidi za kila namna. Hufanya hivyo kwa kuzishika nchani: asidi amino (vijenzi vya peptidi) tatu za mwanzo na ile ya mwisho ndizo zinazoamua zaidi, na sehemu ya kati huning'inia ndani ya tundu lililo baina ya TAP1 na TAP2, nusu mbili zinazounda TAP, kama kamba ya kuruka iliyoshikwa na watoto wawili. Kwa kuwa katikati hapabanwi, mfuatano wowote, hata ambao mwili haujawahi kukutana nao, unaweza kupita. Urefu unaoifaa zaidi ni asidi amino 8 hadi 16, na TAP ya binadamu hupendelea peptidi inayoishia na asidi amino isiyopenda maji au yenye chaji chanya, ambazo ndizo hasa molekuli nyingi za MHC huzitaka mwishoni. Kushika kwenyewe hakuhitaji ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Nishati hiyo hutumika katika kuvusha.

Kinachonivutia kuliko yote ni habari ya prolini, mojawapo ya asidi amino. TAP huikataa sana prolini ikiwa ya pili kutoka mwanzo wa peptidi, ilhali HLA-B7, mojawapo ya molekuli za MHC za binadamu, huitaka papo hapo. Suluhisho ni kwamba peptidi huvushwa ikiwa ndefu, prolini ikiwa mbali na ncha, kisha kimeng'enya ERAP1 huipunguza ndani kwa ndani, na kwa kuwa hakiwezi kukata kiungo kilicho mbele ya prolini, husimama mahali panapohitajika.

Virusi vya herpesi navyo vimelijua tundu hili. Protini yao ICP47, yenye asidi amino 88 tu, huingia humo kutoka upande wa saitoplazimu na kujikunja kama pini ya nywele, ikang'ang'ania hapo bila kuvushwa. Maabara ya Jue Chen katika Rockefeller University ilituonyesha hilo mwaka 2016 kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali.

Ningedhani kwamba mtu aliyezaliwa bila TAP inayofanya kazi angeelemewa na virusi tangu utotoni. Wagonjwa hao wachache wanaojulikana, hata hivyo, husumbuliwa zaidi na maambukizi ya bakteria ya njia ya hewa yasiyokoma na vidonda vya ngozi, na wengine hufika utu uzima. Pengine kinga nyingine huziba pengo hilo, zikiwemo kingamwili na peptidi zinazofika kwenye MHC kwa njia zisizopitia TAP, na huko ndiko nataka kuelekeza usomaji wangu.